Wamekwisha Kusema, Nani Kawasikia?

Msikilizaji, hotuba za Siku ya Afya ya Akili Duniani, tarehe 10 Oktoba, umekwisha kuzisikia. Hatutazirudia. Wito ulikuwa uleule: vijana wavunje ukimya, vijana waseme. Kituo hiki hakina ugomvi na wito huo. Kinachotutia shaka ni nani anayeambiwa. Kwa sababu vijana wanasema. Wanasema nyumbani, wanasema shuleni, wanasema msikitini na kanisani. Wanasema, na hakuna anayesikia.

Chukua mtoto wa kidato cha pili, miaka 14. Amenawa mikono, lakini moyo unamwambia bado. Ananawa tena. Bado. Ananawa mpaka ngozi inapasuka na kengele ya kipindi imekwisha kulia. Usiku anaamka kutazama komeo alilolifunga mwenyewe, na akirudi kitandani anaamka tena. Au anaingiwa na wazo kwamba atamdhuru mdogo wake, wazo analolichukia kuliko kitu chochote, akalifukuza kwa kuhesabu, kwa kurudia sala, kwa kugusa ukuta mara nne. Anajua fika kwamba kugusa ukuta hakumlindi mtu. Hilo ndilo linalomtesa. Anajua, na hawezi kuacha.

Siku moja anajikaza, anasema: "Mama, kuna kitu kichwani kinanilazimisha." Anajibiwa nini? Acha kuwaza sana. Unamaliza maji. Kwa mwalimu yeye ni mchelewaji. Kwa jirani, amechezewa. Na utani wetu unamalizia: huyu apelekwe Mirembe. Hospitali ya kutibu maradhi ya akili tumeigeuza tusi, kisha tunashangaa mtoto akinyamaza. Alisema. Nani alimsikia?

Wataalamu wanayaita maradhi haya kwa herufi, OCD: mawazo yanayong'ang'ania na vitendo vya kulazimika. Pwani tulikuwa na neno letu tangu zamani. Huyu ana wasiwasi wa udhu, walisema wazee, wakimtazama mtu aliyekwisha kutawadha na bado hatoki bombani. Zaidi ya miaka 1,000 iliyopita mwanachuoni Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu cha kuutunza mwili na nafsi. Wasiwasi wa namna hii akauhesabu miongoni mwa maradhi ya nafsi, pamoja na hasira, hofu na huzuni, akaeleza na namna ya kuutibu. Maradhi, msikilizaji. Neno tunalo. Elimu ilikuwapo. Tulichokosa ni sikio.

Watafiti wanakadiria kwamba mtu 1 hadi 3 katika kila 100 hupatwa na OCD wakati fulani maishani mwake, na wengi huanza utotoni au katika ujana. Shule ya wanafunzi 800, kwa kadirio la chini kabisa, ina wanane ambao njia yao inapita hapo. Wanane. Wanamwendea nani?

Hapa kituo hiki kinarudi kwenye lalamiko lake, na kitarudi tena mpaka kijibiwe. Kanuni za viboko shuleni, za mwaka 2002, zinaitaja fimbo kwa idadi: zisizidi nne, na ziandikwe daftarini. Fimbo ina kanuni, ina daftari, ina msimamizi. Sikio lina nini? Mwalimu wa unasihi, katika shule nyingi, ni mwalimu wa somo aliyeongezewa kazi. Vipindi vimemjaa, chumba cha faragha hana, na mtoto anayemtaka humkuta katika ofisi ya walimu, mbele ya meza nane. Nani atalitamka wazo linalomtia aibu mbele ya meza nane? Fimbo ina daftari. Sikio halina.

Tunalisema hili kwa uchungu kwa sababu ugonjwa huu unatibika. Akiwa na mtaalamu, mtoto hushika kitasa anachokiogopa, kisha hanawi. Hukaa na hofu yake mpaka ipungue yenyewe, leo kidogo, kesho zaidi. Ziko na dawa, kama fluoksetini. Lakini mtoto hajipeleki hospitali. Mtoto hupelekwa. Na mtu mzima hampeleki mtoto ambaye hakumsikia.

Hata mzazi mwenye huruma anaweza kukosea njia. Mtoto anauliza: "Nimefunga mlango?" Anajibiwa: "Umefunga, mwanangu." Anatulia dakika chache, kisha anauliza tena, na tena, mpaka mara ya ishirini. Ukimkaripia, unamwongezea aibu. Ukimjibu kila mara, unaulisha ugonjwa. Ndiyo maana mzazi naye hana budi kukaa na mtaalamu, afundishwe namna ya kuwa upande wa mtoto bila kuwa upande wa wasiwasi.

Basi tusemezane wazi, sisi watu wazima. Mzazi, mwanao akikwambia kichwa kinamlazimisha, usicheke, usimpeleke kwa mganga, usiseme atakua ataacha. Mpeleke hospitali, na ingia naye ndani. Mwalimu, kabla ya kumwandika mchelewaji, itazame mikono yake. Shekhe, unaijua kanuni kwamba yakini haiondolewi na shaka. Mfundishe kijana wako, kisha mwonyeshe njia ya kwa daktari. Padri, mchungaji, anayekuja kuungama dhambi ileile kila siku huenda hana dhambi, ana maradhi. Muulize kwa upole. Nanyi wakubwa wa elimu na afya, lipeni sikio daftari lake! Lipeni chumba, lipeni saa, lipeni mwalimu aliyesomea kazi hiyo!

Na wewe kijana unayetusikiliza kwa sauti ya chini: huna wazimu, na wazo linalokutisha halikufanyi kuwa mtu mbaya. Mtu mzima wa kwanza asipokusikia, mwendee wa pili. Asiposikia, yuko shangazi, yuko babu, yuko muuguzi wa kituo cha afya. Iko namba 116, simu ya huduma kwa mtoto, haitozwi hata senti.

Itakapofika tena tarehe 10 Oktoba, wito usielekezwe kwa vijana peke yao. Wao wamekwisha kusema. Uelekezwe kwetu. Na wewe unayesikia maji yakimwagika bombani kwa mara ya tano jioni hii, usipige kelele kutoka sebuleni. Zima redio hii, nenda ukakae naye.

Hayo ndiyo maoni yetu.