Soksi za Msafiri wa Nchi za Baridi



Kijana wa nyumba akishapata viza, ukoo mzima hujua la kufanya. Shangazi hutoa koti, mjomba huchangia viatu, mama huhangaika na sweta na kofia ya kuziba masikio. Soksi hukumbukwa mwisho kabisa, siku ya safari yenyewe, kwa mchuuzi wa kituo cha daladala: nusu dazeni za pamba, bei ya maelewano, basi. Mimi naona hapo tumeuweka mpango kichwa chini miguu juu. Kwa mtu anayekwenda kuishi kwenye baridi kali, soksi zitafutwe mapema, zichaguliwe kwa macho na kwa mkono, na zitengewe fedha yake.

Tuchukue mji wa Minneapolis, jimbo la Minnesota, Marekani, ambako Wakenya wengi wamejenga maisha yao, nao si Waafrika Mashariki peke yao huko. Usiku wa Januari kipimo hushuka kwa kawaida hadi nyuzi 13 hivi chini ya sifuri, na siku zikiwa mbaya hupita hapo kwa mbali. Barabara humwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke. Kwa hiyo mgeni anayesubiri basi pembeni mwa barabara hakanyagi theluji kavu tu. Anakanyaga tope la theluji lenye maji ya chumvi, na maji hayo hupenya taratibu kwenye mishono ya kiatu. Wakati huohuo, ndani ya kiatu, mguu unatoa jasho. Miguu miwili ya mtu inakadiriwa kuwa na tezi za jasho zipatazo 250,000, na hazikomi kufanya kazi eti kwa sababu nje kuna baridi, hasa mtu akitembea haraka na mzigo.

Unyevu huo ndio wa kuogopwa. Maji huondoa joto mwilini kwa kasi ya takriban mara 25 kuliko hewa. Soksi ya pamba hulinywa jasho ikalishikilia, ikakaa imelowa dhidi ya ngozi, na mtu akisimama kidogo tu kusubiri basi anahisi vidole vinakufa ganzi. Sufu ina tabia nyingine. Nyuzi zake zinaweza kubeba unyevu unaokaribia theluthi ya uzito wake kabla mvaaji hajahisi kuwa amelowa, na hata ikiwa na majimaji bado inahifadhi hewa inayotunza joto. Wengi wetu tunaikwepa kwa kukumbuka sweta za shule zilizotuwasha shingoni. Siku hizi soksi nyingi nzuri hufumwa kwa sufu ya kondoo wa merino, wanaofugwa sana Australia na New Zealand. Uzi wake ni mwembamba, kwa kawaida chini ya maikroni 24, hujipinda kwa urahisi ukigusa ngozi, kwa hiyo hauwashi kama ule wa zamani.

Anayeona kuwa natia chumvi katika jambo dogo aangalie Vita ya Kwanza ya Dunia. Katika majira ya baridi ya 1914 na 1915, askari wa Uingereza zaidi ya 20,000 walitibiwa ugonjwa wa miguu uliotokana na kusimama kwenye mahandaki yenye maji na matope, Ufaransa na Ubelgiji. Wengine walikatwa vidole, wengine miguu. Haikuhitajika hata barafu. Mguu uliolowa kutwa kucha huharibika hata kipimo kikiwa juu ya sifuri. Jeshi lilipozinduka, dawa yake kubwa ilikuwa amri: kila askari avue, akaushe miguu, aipake mafuta ya nyangumi, avae soksi kavu, na ofisa wake asimamie ukaguzi. Jeshi zima lenye mizinga lilijikuta linahesabu soksi.

Sasa twende sokoni. Ukiishika soksi, igeuze ndani nje. Pitisha kidole kwenye mshono wa mbele, pale vidole vinapokaa. Ukikuta tuta la uzi, irudishe, maana tuta hilo ukitembea nalo saa tatu litakuachia lengelenge. Kisha tazama chini ya kisigino na unyayo: soksi ya safari huwa na vitanzi vidogo vya uzi kama vya taulo, vinavyopunguza msuguano na kubakiza hewa. Vuta mpira wa juu, uuachie. Uwe wa kushika bila kubana. Ukiacha mfereji kwenye ngozi ndani ya dakika chache, unazuia damu, na damu ndiyo inayopeleka joto vidoleni. Mwisho soma lebo. Mimi hupendekeza sufu isiyopungua nusu, iliyochanganywa na nailoni ili isitoboke upesi na elastini kidogo ili isiteleze. Lebo ikitaja pamba asilimia 80, hiyo ni soksi ya Dar es Salaam au Mombasa, ivaliwe huko. Unene peke yake usikudanganye. Kuna soksi nene za pamba zinazopendeza kweli kuzishika, na ndizo zinazolowa zaidi.

Kosa linaloniudhi kuliko yote ni la kuvaa jozi mbili au tatu kwa mpigo ndani ya kiatu kilekile. Mtu anadhani anaongeza joto, kumbe amekaza kiatu hadi hewa haina pa kukaa na damu haina njia. Ukitaka kuvaa mbili, ya ndani iwe nyembamba na laini, ya nje iwe ya sufu, na kiatu kiwe kikubwa cha kutosha kukuwezesha kuchezesha vidole vyote. Kwa hiyo nenda kununua kiatu ukiwa umevaa soksi zilezile utakazosafiria.

Hekima hii ya soksi kavu ipo nyumbani pia. Waongoza wageni wa Kilimanjaro humtaka mpanda mlima atenge jozi moja isiyoguswa hadi usiku wa kuelekea kilele cha Uhuru, mita 5,895, kwa sababu wameona soksi iliyolowa jasho la mchana inavyogeuka adhabu saa nane za usiku. Hata msafiri wa basi la usiku anayepita kwenye baridi ya Makambako, kusini mwa Tanzania, mwezi Julai, miguu ikiwa kwenye kandambili, anajua ninachosema.

Kwa ndugu zetu Waislamu wanaotawadha safarini, neno moja la kiafya. Ukimaliza kuosha miguu katika choo cha uwanja wa ndege, futa katikati ya vidole kwa kitambaa kikavu kabla ya kurudisha soksi. Maji yanayobaki pale ndiyo yanayoleta fangasi, na ukitoka nje ndiyo yanayopata baridi kwanza.

Safari yenyewe ya ndege ina jambo lake. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilitoa matokeo ya utafiti ulioonyesha kuwa hatari ya damu kuganda kwenye mishipa huongezeka takriban maradufu kwa safari ya saa nne au zaidi ya kukaa bila kujongea, iwe ya ndege, basi, treni au gari. Hatari yenyewe bado ni ndogo, karibu mtu mmoja kati ya 6,000. Lakini kuna wanaopaswa kuichukulia kwa uzito: mjamzito, aliyefanyiwa upasuaji karibuni, mwenye saratani, aliyewahi kupata tatizo hilo. Hao waulize daktari kuhusu soksi za kubana, zinazofika chini ya goti na kukaza zaidi kifundoni kuliko juu. Katika majaribio yaliyokusanywa na wataalamu wa Cochrane, mtandao unaochambua tafiti za tiba, yenye abiria 2,637 waliofuatiliwa hadi mwisho, watu 50 walikutwa na damu iliyoganda bila dalili yoyote. Watatu tu kati yao walikuwa wamevaa soksi hizo, 47 hawakuvaa. Zinapimwa kwa mzingo wa kifundo na wa shavu la mguu, kwa hiyo usizinunue kwa kukisia. Na mwenye matatizo ya mishipa inayopeleka damu miguuni asizivae kabla ya kupimwa, zinaweza kumdhuru.

Mwenye kisukari namwomba anisikilize kwa makini. Kama mguu umepungua hisia, hutajua kuwa mshono unakukata. Nunua soksi zisizo na mshono wala mpira wa kubana, tena za rangi nyepesi, ili tone la damu au usaha lionekane ukivua. Zivue na uukague mguu kila jioni, hata kama umechoka na safari.

Itokee vidole vimekufa ganzi na ngozi imepauka, jambo ambalo kwetu weusi mara nyingi huonekana kama rangi ya majivu, usivisugue wala usivisogeze kwenye hita. Mguu uliokufa ganzi unaungua bila mwenyewe kujua. Ingia ndani, vua kilicholowa, tumbukiza miguu kwenye maji ya uvuguvugu kama joto la mwili, na hisia isiporudi nenda hospitali.

Najua mtasema bei. Ni kweli, jozi moja ya merino inaweza kugharimu kama fungu zima la pamba. Lakini sufu haishiki harufu upesi, jozi tatu zinamtosha mtu: moja mguuni, moja inakauka, moja akiba. Zifuliwe kwa maji baridi na zianikwe. Zikiingia kwenye mashine ya kukaushia yenye moto mkali, soksi ya mtu mzima hutoka ikimfaa mtoto.

Basi, ninyi mnaojiandaa kumsindikiza mtu uwanja wa ndege mwezi huu, mwanafunzi, muuguzi, au mzazi anayekwenda kuwaona wajukuu, punguzeni kidogo kwenye koti mkanunue soksi. Na jozi mbili za sufu ziwekwe kwenye begi la mkononi. Sanduku kubwa huchelewa wakati wa kuunganisha ndege, na msafiri hutoka nje kwenye theluji na kile tu alichokishika.