Watu Kumi na Tisa Juu ya Barafu

Usiku wa tarehe 15 Oktoba 1872 dhoruba iliitenga meli Polaris ya Marekani na watu wake 19, wakabaki juu ya pande la barafu katika bahari ya Aktiki. Walikuwamo watoto watano, mmoja wa miezi miwili tu. Mabaharia wakavunja mashua moja wapate kuni. Twawalaumu upesi, sisi tusioijua baridi ile. Waliowalisha wote ni wawindaji wawili Wainuiti, Ebierbing na Hans Hendrik, ambao twazoea kuwahesabu kama watumishi wa safari. Nyama ya sili ikawa chakula, mafuta yake yakawasha taa. Tarehe 30 Aprili 1873 meli Tigress ikawaokoa wote 19, hata yule mchanga.