Kijana Mwenye Kisukari: Miguu Yako Wakati wa Baridi

Mazungumzo na vijana na walezi wao, Dzaleka



Leo tuzungumze juu ya miguu. Aliyekulia Uvira au Bujumbura, kando ya ziwa, hakuzoea baridi ya huku Dowa. Mwezi wa Juni na wa Julai, hapa Dzaleka na kule Lilongwe, joto la usiku hushuka chini ya nyuzi 10. Miguu ya kila mtu hupoa. Lakini wewe kijana mwenye kisukari una sababu ya kuiangalia zaidi.

Kwa nini miguu huuma?

Sukari ikikaa juu katika damu kwa muda mrefu, huharibu mishipa ya fahamu na mishipa ya damu. Miguu huathirika mapema. Utasikia kama unachomwachomwa na sindano, au kama nyayo zinawaka, hasa usiku. Baadaye huja ganzi. Kwa kijana ambaye ugonjwa wake si wa miaka mingi, mara nyingi ni baridi tu. Hata hivyo usikisie. Mwambie muuguzi siku yako ya kliniki, na vua viatu ili aione miguu.

Hatari iko kwenye mbaula

Jioni familia inazunguka mbaula, nawe unasogeza miguu. Mwenye miguu mizima huiondoa inapoanza kuungua. Mwenye ganzi hasikii. Huenda akasikia harufu ya soksi inayoungua kabla ya kusikia maumivu. Kidonda cha moto kwenye mguu wa mwenye kisukari hupona polepole, huingia wadudu, na kikipuuzwa kinaweza kuishia kwa kukatwa mguu. Kwa hiyo, miguu yako isiote moto. Usiiweke kwenye chupa ya maji ya moto wala kwenye beseni la maji ya moto.

Ufanye nini basi?

1. Vaa soksi kavu za pamba au sufi, hata kitandani. Za mtumba, yaani kaunjika, zafaa. Zisiwe na tundu wala mpira unaobana.
2. Tembea. Mwendo huleta damu miguuni. Kula kitu kwanza, maana mwendo hushusha sukari.
3. Osha miguu kila siku kwa maji ya uvuguvugu. Mtu mwingine ayapime kwanza kwa kiwiko. Kausha vizuri katikati ya vidole.
4. Paka mafuta juu ya mguu na kwenye nyayo. Katikati ya vidole usipake.
5. Usitembee pekupeku, hata ndani ya nyumba. Kung'uta viatu kabla ya kuvaa. Kajiwe kadogo kanatosha kuleta kidonda.
6. Kila usiku tazama nyayo zako. Kama una kipande cha kioo, kitumie.
7. Usivute sigara. Tumbaku hubana mishipa ya damu.

Usiache sindano

Kijana wa kwanza kutibiwa kwa insulini alikuwa Leonard Thompson, mwenye umri wa miaka 14, katika mji wa Toronto, Kanada, Januari 1922. Kabla ya hapo kijana kama yeye alikuwa akingojea kufa tu. Aliishi miaka 13 zaidi. Tunajua wengine mnaficha sindano ili wenzenu shuleni wasiwacheke, na wengine mnairuka siku chakula kikiwa kidogo. Kuiacha ni hatari kwa maisha yako, na miguu pia huumia. Chakula kikipungua, uliza muuguzi upunguze kiasi gani. Usiamue peke yako.

Kwa wazazi na walezi

Kipimo hiki hakihitaji chombo. Mtoto alale, avue soksi, afumbe macho. Mguse polepole kwa ncha ya kidole chako, bila kusukuma, kwenye kidole gumba, cha kati na cha mwisho. Mguu wa kulia, kisha wa kushoto. Ni mara 6. Kila akisikia aseme. Akikosa kusikia mara 2 au zaidi, mpelekeni kituo cha afya bila kuchelewa. Msimkemee, ganzi hakuitaka.

Usingoje hata siku moja

Nenda kituo cha afya siku hiyohiyo ukiona mojawapo ya haya: kidonda au lengelenge, hata kama haliumi, mguu kuvimba na kuwa wa moto, usaha au harufu, ngozi kuwa nyeusi, mguu mmoja kuwa wa baridi sana kuliko mwenzake. Funika kidonda kwa kitambaa safi. Usipake majivu, dawa ya meno wala dawa ya kienyeji.

Ukipewa barua ya kwenda hospitali ya wilaya Dowa, au Kamuzu Central kule Lilongwe, beba kitabu chako cha kliniki, insulini yako na chakula cha njiani. Mhudumu asipojua Kiswahili, sema kwa Chichewa: “Ndili ndi matenda a shuga,” yaani nina ugonjwa wa sukari. Kisha mwonyeshe miguu.

Leo usiku, kabla ya kulala, itazame.