Njia Nyembamba ya Reli na Picha Zake
(Maneno yaliyosemwa mbele ya maonyesho ya picha, siku ya Yubile)



Tumeombwa kusema machache juu ya picha hizi zilizotundikwa ukutani. Njia nyembamba tunayoisema leo siyo ile ya Injili, ingawa nayo ilikuwa na jasho lake. Ni reli ya Vicicongo, ambayo upana wake kati ya chuma na chuma ulikuwa sentimeta 60 tu.

Kazi ilianza mwaka 1924 huko Aketi, kwenye mto Itimbiri. Reli ikapita Buta, ikafika Paulis, ndiyo Isiro ya leo, na mwaka 1937 ikaishia Mungbere. Pamoja na matawi yake ilizidi kilometa 1,000. Isiro, mji ambamo Mwenyeheri Anuarite alimwaga damu yake tarehe 1 Desemba 1964, ulikuwa mji wa reli hiyo. Hapa Bunia treni haikufika kamwe. Mtu wa Ituri aliyetaka kwenda magharibi kwa treni alitafuta kwanza kamyo ya Mungbere. Upande wa mashariki ilikuwa Kasenyi, ziwa Albert na Butiaba, kisha Uganda yenye reli ya meta moja.

Kwa nini Wabelgiji walichagua reli nyembamba namna hii? Ni kwa ajili ya gharama. Mfaransa Paul Decauville alikuwa ameonyesha, tangu miaka ya 1870, kwamba reli nyepesi inawekwa upesi, inapinda bila taabu, wala haidai madaraja makubwa. Pamba na kahawa za Uele zilishuka hivyo polepole mpaka Aketi, zikapakiwa katika meli kwenda Léopoldville. Lakini wepesi ule ule ulikuwa pia udhaifu wake: chuma ambacho watu wachache waweza kukibeba, watu wachache waweza pia kukiiba.

Sasa tuzitazame picha zenyewe. Masini imesimama, kuni zimepangwa, Mzungu mwenye kofia nyeupe ameweka mguu juu ya ngazi. Mara nyingi chini ya picha za namna hii wameandika jina la masini, hata namba yake na kiwanda kilichoitengeneza Ulaya. Watu walioshika majembe wameandikwa «wafanyakazi», basi. Jambo hili latuuma kuliko kutu. Reli ya Matadi mpaka Léopoldville, iliyojengwa tangu 1890 mpaka 1898, nayo ilikuwa nyembamba. Hesabu rasmi ilitaja Wazungu 132 na Waafrika 1,800 waliokufa katika kazi ile. Majina ya hao 1,800 tutayasoma wapi?

Vyuma vyenyewe vimepata bahati mbalimbali. Reli ile ya Matadi ilipanuliwa kati ya 1923 na 1932, na masini zake za kwanza zikakosa njia ya kupita. Reli ya Boma mpaka Tshela iling'olewa mwaka 1984. Sehemu kubwa ya Vicicongo imemezwa na msitu. Jirani zetu wa Nairobi walifungua jumba la makumbusho ya reli mwaka 1971, na masini kubwa ya namna ya Garratt, iitwayo Mount Gelai, ingali inatazamwa pale. Huko Froissy, Ufaransa, wapenzi wa reli wanaendesha bado treni ya sentimeta 60 juu ya njia iliyowekwa kwa ajili ya vita vya 1914-1918. Kwetu chuma kimesalia kwa desturi yetu: ni nguzo ya nyumba, ni daraja la kijito, na katika shirika zaidi ya moja kipande cha reli kilichotundikwa mtini ndicho kengele ya Misa. Sisi hatuoni aibu juu ya matumizi hayo.

Tunachokiogopa ni kupotea kwa picha. Jumba la Tervuren, Ubelgiji, limehifadhi nyingi sana za idara ya habari ya serikali ya kikoloni. Lakini ile ya babu yako akiwa kijana wa kutia kuni, haimo Tervuren. Imo katika sanduku lako. Na vita vya Ituri, tangu 1999 mpaka 2003, viliteketeza nyumba nyingi pamoja na masanduku yake.

Kwa hiyo tunawaomba, akina baba na akina mama, mlete zilizobaki kwa sekretari wa parokia, Jumapili baada ya Misa ya pili. Zitapigwa nakala, nanyi mtarudishiwa zenu siku ile ile. Waulizeni wazee kwanza ni nani aliyesimama wapi, kisha andikeni majina nyuma kwa kalamu ya risasi, bila kukandamiza. Msitumie biki, kwa maana wino wake hupenya mpaka kwenye uso wa mtu.