Pumba za Mpunga ni Mali ya Chama: Zifanyiwe Hesabu

(Maneno ya mazungumzo kwa makatibu na wajumbe wa vyama vya msingi)



Nyuma ya kila kinu cha mpunga hapakosekani lundo la pumba. Mara nyingi lundo hilo huchomwa moto, na katika vitabu vya chama hakuna hata mstari mmoja unaolitaja. Ilhali pumba ni takriban sehemu moja kwa tano ya uzito wa mpunga unaoingia kinuni. Mwanachama aletaye kilo 100 za mpunga ameleta pia kilo 20 hivi za kuni. Je, kuni hizo zaweza kuzungusha kinu chenyewe? Zaweza. Lakini kuweza ni jambo moja, na kuleta faida ni jambo jingine.

Jinsi gesi inavyopatikana

Pumba zikiwashwa penye hewa tele huungua zikawa majivu. Zikitiwa katika tanuri lililofungwa, linaloingiza hewa kidogo kwa kipimo, huungua sehemu tu, na joto la sehemu hiyo hugeuza zilizobaki kuwa gesi. Ndani ya gesi hiyo mna kaboni monoksaidi na haidrojeni, ambazo huwaka, na naitrojeni ya hewani, isiyowaka, ambayo ni karibu nusu ya gesi yote. Gesi hupozwa, huchujwa lami na vumbi, kisha huingizwa katika injini inayozungusha jenereta. Injini ya dizeli ya kawaida bado huhitaji dizeli kidogo ya kuiwashia gesi hiyo. Haiachi dizeli kabisa mpaka ibadilishwe.

Ufundi huu si mpya. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, mamia ya maelfu ya magari barani Ulaya yaliendeshwa kwa gesi ya kuni na makaa, kwa kuwa petroli ilikuwa adimu. Vita vilipokwisha mwaka 1945 na petroli ikarudi, mitambo hiyo iliachwa upesi, ingawa ilikuwa ikifanya kazi. Kilichowachosha wenye magari ni kuchanja kuni, kuzoa majivu na kusafisha machujio kila siku. Miaka mingi baadaye, mwaka 2007, kampuni ya Husk Power Systems ilianza kuwasha taa katika kijiji cha Tamkuha, jimbo la Bihar nchini India, kwa gesi ya pumba za mpunga, ikaendelea hata vijiji vingine. Kwa hiyo jambo hili lawezekana kijijini, mradi kazi ya kila siku iwe na mwenyewe.

Hesabu ya mfano

Tuseme kinu cha chama hukoboa tani 2 za mpunga kwa siku. Pumba zake ni kilo 400 hivi. Jenereta ya kilowati 20 ikifanya kazi saa 8 hutoa uniti 160 za umeme. Na kwa kuwa uniti moja hutaka karibu kilo 2 za pumba, zitatumika kilo 320. Hapo pumba zinatosha, tena zinabaki.

Lakini mpunga haukobolewi mwaka mzima. Kuuendesha mtambo mwezi mmoja tu baada ya msimu kunahitaji akiba ya tani 9.6. Pumba ni nyepesi mno: mita moja ya ujazo hubeba kilo 100 tu, au zaidi kidogo. Banda la urefu wa mita 6, upana mita 5 na kimo mita 3 huenda lisitoshe akiba ya mwezi huo mmoja, nalo lazima lisivuje, maana pumba zilizoloa hutoa gesi dhaifu na lami nyingi. Aidha, kila siku yatatoka majivu zaidi ya kilo 60, nayo yanataka mahali pa kutupwa au mnunuzi.

Isitoshe, pumba si bure. Wafyatuaji wa matofali huzinunua kwa kuchomea tanuri zao. Siku chama kitakapoanza kuzitumia, zitapata bei, na bei hiyo ni haki ya wanachama walioleta mpunga. Katibu asiyeiandika katika gharama za mtambo ataonyesha faida isiyokuwapo.

Hatari zisizopuuzwa

Kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, nayo huua. Mtambo usiwekwe katika chumba kilichofungwa, na mtu yeyote asilale karibu nao. Maji yaliyosafishia gesi huwa na lami yenye sumu. Yasimwagwe mferejini wala mtoni.

Mambo ya kuulizwa katika Mkutano Mkuu

Kabla ya kupiga kura ya kununua mtambo, wanachama wapewe majibu ya maandishi kwa maswali haya:

1. Pumba zilizopimwa kwa mizani msimu uliopita ni kilo ngapi? Makisio ya macho yasikubaliwe.
2. Umeme utatumiwa na nani mchana, kinu kinapokuwa hakina mpunga?
3. Nani atasafisha machujio kila siku, naye atalipwa kiasi gani?
4. Vipuri vinapatikana wapi, na muuzaji atafundisha mafundi wangapi?
5. Dizeli inayotumika sasa ni lita ngapi kwa mwezi, na mtambo utapunguza lita ngapi?
6. Mkopo utabaki ndani ya ukomo wa madeni ulioidhinishwa?

Chama chenye majibu kamili kisiogope mtambo huu, kwa maana utapunguza dizeli na kuifanya pumba kuwa mapato. Chama kisicho na majibu kianze na mizani na daftari: kipime pumba msimu mmoja mzima, kiandike. Gharama yake ni ndogo. Wanachama wakumbuke kwamba mtambo ukisimama, mkopo hausimami. Nao hulipwa kwa mpunga wa mkulima yule yule.