Jina la Nyota na Nguo ya Gofu: Hotuba kwa Wahitimu, Mirongo, Mwanza



Udhamini wa wachezaji nyota, yaani makubaliano ambayo kwayo mchezaji mashuhuri hulipwa ili avae, atumie au ataje bidhaa za kampuni fulani mbele ya watu, ni somo ambalo mhitimu wa biashara au wa ubunifu wa mavazi katika jiji la Mwanza anaweza kulidhania kuwa la mbali, hasa linapohusishwa na gofu, mchezo ambao wakazi wengi wa Mirongo wameuona kwenye televisheni tu. Lakini jiji hili ndiko yaliko makao makuu ya Bodi ya Pamba Tanzania, na vijiji vinavyolizunguka, kuanzia Magu na Kwimba hadi Simiyu na Shinyanga, vimelima pamba kwa vizazi kadhaa. Na fulana ya kola inayovaliwa na wacheza gofu, ile ambayo vijana wa Tanzania huiita fomu siksi, ilizaliwa ikiwa nguo ya pamba. Anayetaka kujua ni kwa nini fulana hiyo huuzwa kwa bei inayozidi mara nyingi bei ya pamba iliyomo ndani yake, na ni nani anayebaki na tofauti hiyo, hana budi kuchunguza kazi inayofanywa na jina la mchezaji.

Gofu hutofautiana na soka katika jambo moja lenye uzito mkubwa wa kibiashara. Katika soka mchezaji huvaa jezi ya klabu, na mtengenezaji wa jezi hupatana na klabu; katika gofu ya kulipwa, isipokuwa katika mashindano machache ya timu, hakuna jezi, kila mchezaji huingia uwanjani na mavazi yake, kwa hiyo kofia, kifua, mkono wa fulana, viatu na hata mfuko wa fimbo vinaweza kuuzwa kila kimoja kwa mdhamini wake, kama meza za soko la Mlango Mmoja ambazo kila moja ina mwenyewe. Raundi moja ya mashimo 18 huchukua saa nne au zaidi, mashindano makubwa huchezwa kwa siku nne, na kamera humfuata anayeongoza hatua kwa hatua, hivyo nembo iliyo kifuani pake huonekana kwa muda ambao hakuna tangazo la sekunde 30 linaloweza kuufikia. Zaidi ya hayo, vilabu vingi vya gofu humtaka mchezaji avae fulana yenye kola, kanuni ambayo huwapatia watengenezaji soko la hakika. Na mtu wa makamo asiyeweza kuvaa mavazi ya mkimbiaji wa mbio fupi bila kuona haya anaweza kuvaa fulana ileile aliyoivaa bingwa wa gofu, akaenda nayo kazini Ijumaa, na asishangaze mtu.

Historia ya fulana hiyo inaanza kwa mchezaji wa tenisi. René Lacoste wa Ufaransa, aliyekuwa bingwa wa mashindano ya wazi ya Marekani mwaka 1926 na 1927, alichoshwa na mashati ya mikono mirefu, akavaa fulana ya mikono mifupi ya pamba iliyofumwa kwa vishimo vidogo vinavyopitisha hewa, na mwaka 1933, kwa kushirikiana na mfumaji André Gillier, akaanzisha kampuni iliyoiuza fulana hiyo ikiwa na alama ya mamba, lakabu aliyopewa na magazeti. Tangu mwanzo ilitangazwa kuwa nguo ya tenisi, gofu na mashua, na gofu haikuwa geni nyumbani kwake, kwani binti yake Catherine Lacoste alishinda mashindano ya wazi ya wanawake ya Marekani mwaka 1967 akiwa mchezaji wa ridhaa. Jambo la kuzingatia hapa ni la umiliki: Lacoste hakulikodisha jina lake kwa mfanyabiashara mwingine kisha akaondoka na malipo, bali aliliweka ndani ya kampuni ambayo yeye mwenyewe alikuwa na sehemu yake, na mamba yule akaendelea kuuza nguo miongo mingi baada ya raketi kuwekwa chini. Severiano Ballesteros wa Hispania, mcheza gofu ambaye Afrika Mashariki ilimwona mapema aliposhinda Kenya Open mwaka 1978, naye aligeuza kivuli cha picha yake, akiwa ameinua ngumi kwa furaha ya ushindi wake kwenye kiwanja cha St Andrews mwaka 1984, kuwa alama yake ya biashara.

Mfano uliochunguzwa kwa undani zaidi ni wa mcheza gofu Tiger Woods na kampuni ya Nike. Woods aligeuka mchezaji wa kulipwa mwezi Agosti 1996 akiwa na mkataba wa Nike uliotajwa kuwa wa dola milioni 40 kwa miaka mitano, wakati ambapo kampuni hiyo ilikuwa mgeni katika gofu. Mwezi Aprili uliofuata alishinda mashindano ya Masters kwa tofauti ya mipigo 12 akiwa na umri wa miaka 21, na fulana nyekundu aliyozoea kuivaa siku ya Jumapili, siku ya mwisho ya mashindano, ikawa vazi linalotambulika duniani kote. Watafiti watatu, Kevin Chung, Timothy Derdenger na Kannan Srinivasan, walichapisha mwaka 2013 uchunguzi wa mauzo ya mipira ya gofu ya Nike nchini Marekani kati ya mwaka 2000 na 2010, wakakadiria kwamba jina la Woods liliiletea kampuni faida ya ziada ya takriban dola milioni 103, kiasi kilichorudisha asilimia 57 hivi ya gharama za udhamini kwa mipira peke yake, kabla ya kuhesabu viatu na fulana. Sehemu ya faida hiyo ilitokana na wateja waliohama kutoka chapa nyingine, na sehemu ilitokana na uwezo wa kuuza kwa bei ya juu zaidi. Chapa, kwa maana inayotumika hapa, ni jina na alama ambazo mteja huzihusisha na ubora au heshima fulani. Na kinachohamishwa na udhamini ni imani, kwani mteja asiyeweza kuupima uzi kwa macho humwamini yule ambaye riziki yake inategemea kuchagua vizuri.

Hata hivyo imani hiyo ina mipaka, na mhitimu asiyeijua ataishauri vibaya kampuni yoyote itakayomwajiri. Habari za kashfa katika ndoa ya Woods zilipotapakaa mwishoni mwa Novemba 2009, Accenture na AT&T zilimwacha, ilhali Nike ilibaki naye; Christopher Knittel na Victor Stango walionyesha baadaye kwamba wenye hisa wa kampuni zilizomdhamini walipoteza zaidi ya asilimia 2 ya thamani ya soko katika siku 10 hadi 15 za biashara zilizofuata. Hiyo ndiyo sababu mikataba ya namna hii huwa na kifungu cha maadili, yaani sharti linaloiruhusu kampuni kujitoa mwenendo wa balozi wake unapoichafua. Mpaka mwingine ni mgumu zaidi kuukiri. Mwezi Agosti 2016 Nike ilitangaza kuacha kutengeneza fimbo, mipira na mifuko ya gofu, ikabaki na nguo na viatu, ingawa katika miaka hiyo ilikuwa na Woods na Rory McIlroy kwa pamoja. Wacheza gofu walikuwa tayari kuvaa walichovaa mabingwa hao, lakini hawakukubali kwa wingi wa kutosha kupiga mpira kwa fimbo za Nike, kwa kuwa fimbo hupimwa na mikono ya anayeinunua, na hapo jina la mwingine halina msaada. Nguo hupokea sifa ya nyota kwa urahisi kuliko chombo chochote, na ndiyo maana vita vya udhamini katika gofu vimehamia kwenye mavazi. Mwezi Januari 2024 Woods na Nike waliachana baada ya miaka 27, na mwezi uliofuata, kwa ushirikiano na kampuni ya TaylorMade, akaanzisha chapa ya mavazi ya Sun Day Red, ambayo alama yake ni chui milia mwenye milia 15, idadi ya mataji makubwa aliyotwaa. Amerudi, baada ya robo karne, kwenye njia aliyoifungua Lacoste.

Kuna athari moja ya udhamini ambayo vitabu vya masoko huigusa kwa haraka, lakini ambayo Kanda ya Ziwa inapaswa kuitazama kwa makini kuliko zote. Fulana ya bingwa wa gofu wa leo, kwa kawaida, si ya pamba. Ni ya poliesta, uzi unaotokana na mafuta ya petroli, uliochanganywa na uzi unaovutika. Kitambaa hicho hukauka upesi na hakijikunji, na hizo ni sifa za kweli zisizopaswa kubezwa, lakini kilikubalika kwa haraka kwa sababu mabingwa walikivaa mbele ya kamera mwaka baada ya mwaka, hadi pamba ikaanza kuonekana uzi wa wazee. Mkulima wa Bariadi ambaye hajawahi kukanyaga kiwanja cha gofu ameguswa na mikataba iliyosainiwa Oregon, kwenye makao ya Nike, kwa kuwa nyota hapandishi chapa peke yake. Hupandisha pia uzi, na uzi mmoja unapopanda mwingine hushuka. Mbegu za pamba zinafanyiwa utafiti Ukiriguru, vinu vya kuchambua pamba vipo, na kiwanda cha Mwatex kilijengwa katika jiji hili katika miaka ya 1960. Lakini sehemu kubwa ya pamba nyuzi, yaani pamba iliyokwisha kutenganishwa na mbegu, husafirishwa nje kabla haijawa kitambaa, na thamani inayoongezwa na jina la mchezaji huongezwa huko iendako.

Soka la Tanzania limeanza kufundisha somo hili kwa vitendo. Mwaka 2021 klabu ya Simba iliingia mkataba na kampuni ya Vunja Bei wa kutengeneza na kuuza jezi zake kwa shilingi bilioni 2 kwa miaka miwili. Mwaka 2025 mkataba wa aina hiyohiyo na kampuni ya Jayrutty ulitangazwa kuwa wa shilingi bilioni 38 kwa miaka mitano. Ongezeko hilo halikutokana na kitambaa bora tu. Lilitokana na kutambua kwamba shabiki hununua jina, na kwamba jina lina mwenyewe. Mbwana Samatta alipojiunga na Aston Villa mwezi Januari 2020, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza, kurasa za klabu hiyo mitandaoni zilijaa Kiswahili na jezi ya maruni na bluu ikatafutwa mitaani. Lakini haki ya kuitengeneza ilikuwa ya Kappa ya Italia, na hakuna cherehani ya Mwanza iliyokuwa na ruhusa ya kuigusa. Ni jambo la kusikitisha, wala si la kumlaumu mchezaji, kwamba upendo wa taifa zima ulikuwepo bila chapa ya nyumbani iliyojiandaa kuupokea.

Maandalizi hayo ndiyo kazi halali ya wanaohitimu leo, na yanaanzia kwenye karatasi. Mkataba wa udhamini wenye haki hueleza mrabaha, yaani sehemu ya kila mauzo anayolipwa mwenye jina, badala ya malipo ya mkupuo ambayo huisha kabla msimu haujaisha. Huweka mipaka ya upekee, ili bondia au mkimbiaji kijana anayefungwa na chapa ya viatu asijikute amefungwa na kofia na saa. Na hutaja ni nani atakayeendelea kutumia sura na jina la mchezaji pindi mkataba utakapokwisha. Vijana wengi wenye vipaji hutia saini wasichokisoma, na mhitimu anayekaa kando yao akiwa na kalamu na ujasiri wa kuuliza anafanya kazi yenye thamani sawa na ya kocha.

Baada ya mkataba ni usajili. Alama ya biashara Tanzania Bara husajiliwa na BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni, katika daraja la 25 ikiwa ni ya nguo, viatu na kofia. Hulindwa kwa miaka saba ya kwanza, kisha huhuishwa kwa vipindi vya miaka kumi, na ulinzi huo haufiki Zanzibar, yenye msajili wake, wala hauvuki mpaka. Fulana ya pamba ya Kanda ya Ziwa itakayoshonwa Mwanza na kuvaliwa na mchezaji wa Afrika Mashariki ina soko la karibu kuliko Ulaya, kwa kuwa kwenye ziwa hilihili kuna kiwanja cha gofu cha Nyanza pale Kisumu, na kingine pale Entebbe ambacho ni miongoni mwa vikongwe zaidi katika ukanda huu. Ila alama yake italazimika kusajiliwa Nairobi na Kampala pia, kabla ya belo la kwanza kupakiwa.