Kabla ya Kupanda Mti, Uulize Udongo



Kila msimu wa mvua unapoingia huwaona viongozi wetu wameshika majembe, miche ikiwa mbele yao na wapiga picha pembeni. Tangu Desemba 2022 Kenya imejiwekea lengo la kupanda miti bilioni 15 ifikapo mwaka 2032. Lengo ni jema, wala sina ugomvi nalo. Ninalouliza ni hili: ni mti gani, na upandwe wapi? Maana wengi wetu tuishio mijini hudhani kwamba mti ni mti na msitu ni msitu.

Nawaomba twende pamoja hadi Arabuko-Sokoke, katika Kaunti ya Kilifi. Msitu huu, wenye kilomita za mraba 400 na ushei, uko kando ya barabara ya Mombasa kwenda Malindi. Abiria anayeutazama kutoka dirishani mwa basi huona kijani kibichi tu. Lakini anayeingia ndani na kuelekea magharibi hupita katika misitu mitatu iliyopakana.

Upande wa mashariki ardhi ni tambarare, na udongo ni mchanga wa kijivu. Huko mvua ni nyingi zaidi, na miti ni ya mchanganyiko: mbambakofi, ambao mbao zake zilichongwa milango ya nyumba za Waswahili, na msandarusi, ambao utomvu wake ulivushwa bahari kwa majahazi. Mbele yake pana ukanda wa mchanga mweupe. Maji huupitia upesi, na rutuba yake ni haba. Miti mingi hushindwa hapo, lakini mrihi hustawi. Siri yake moja iko mizizini, ambako huishi kuvu wanaoutafutia chakula mchangani, nao mrihi huwalipa kwa sukari inayotengenezwa na majani yake.

Kisha ardhi huinuka, udongo hugeuka mwekundu na mvua hupungua. Huko mrihi humwachia nafasi mfunda, mti ambao wataalamu huuita Cynometra, nao husongamana kama ua.

Na wakazi wa msitu nao wanaijua mipaka hiyo. Bundi mdogo wa Sokoke, ambaye urefu wake haufiki hata rula ya mwanafunzi, katika msitu huu hukaa kwenye mifunda ya udongo mwekundu. Mnana wa Clarke, ndege asiyepatikana popote duniani nje ya Kilifi, hutafuta riziki kwenye mirihi ya mchanga mweupe.

Sasa, msikilizaji, akija mtu akasema, "Tukate kipande hiki tu, msitu uliobaki ni mkubwa," huyo anahesabu ekari, hahesabu msitu. Akikata kwenye udongo mwekundu, mirihi yote iliyobaki haitampa bundi yule makao. Na akija mwingine akasema, "Tukate leo, kesho tutapanda kwingine," tumwulize: huko kwingine kuna udongo gani? Huwezi kuupanda mfunda popote utakapo ukategemea kupata msitu wa Sokoke.

Jambo hili si la watu wa Kilifi peke yao. Soko la mbao na makaa liko mijini. Anayenunua mbao za magendo kwa bei ya kutupa ana mkono wake katika shoka lililoangusha mti, hata kama hajaukanyaga msitu.

Kwa hiyo, kabla hatujabeba miche, tuchukue kwanza konzi ya udongo tuitazame. Tuwaulize wazee wa mahali hapo ni miti gani iliyoota hapo tangu zamani, na mbegu zitoke karibu. Kuuliza si ujinga. Ujinga ni kutaka mti mmoja uvumilie kila udongo, halafu miche ikikauka tukalaumu mvua.

Kwa leo naishia hapo. Kwaherini hadi juma lijalo.